Rangi Niliyoikana Mbele ya Baba

Mpendwa kaka yangu Hamadi,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Mara ya mwisho tuliambiwa uko Mombasa, unapakia magunia bandarini. Kisha akaja mtu mwingine akasema umeajiriwa melini, na hajui meli yenyewe inakwenda wapi. Kwa hiyo nimeiandika mara nne, maneno yale yale, na kila nakala nimempa msafiri wake. Bahasha sikuzifunga. Atakayetaka kuisoma njiani na aisome.

Baba yetu amefariki, kaka. Nakwambia mapema ili usiendelee kusoma ukitarajia kwamba mwisho wa barua nitasema anakungoja.

Unamkumbuka yule mgeni wa Kizungu aliyekuja kwetu Wingwi, hapa Pemba, na boti yake ya mashine, akamchukua baba siku tatu amwonyeshe wanakopita nguru? Siku ya kuondoka alimwachia baba kopo la biskuti. Sote tulidhani ni biskuti kweli. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa hai bado, na alishateleka maji ya chai. Baba alipolifungua tukaona ngisi watano wa plastiki, laini kama nyama ya dafu, kila mmoja na rangi yake: mwekundu, mweupe, wa manjano, wa buluu na yule wa kijani. Walinuka kama viatu vipya. Mimi nilimbonyeza mmoja nikapiga ukelele, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini.

Watu wa pwani walimdhihaki baba. Chambo walichokijua wao ni dagaa au kipande cha ngisi wa kweli. Lakini nyinyi wawili mlipokwenda kurambaza, mshipi ukifuata nyuma ya ngalawa na yule wa kijani kwenye ndoana, mlirudi na nguru watatu, na mmoja ulimbeba begani mkia ukikupiga kisigino. Dhihaka zikaisha siku ile. Tangu hapo baba akawa hashuki pwani bila kopo lake, na kazi ya kuwatunza wale ngisi akakupa wewe.

Na uliwatunza. Kila mliporudi uliwaosha kwa maji ya kisima, ukawafuta, ukawatundika uani upande wenye kivuli. Mwanzoni hatukuzijua tabia zao. Wiki moja walikaa pamoja ndani ya kopo, kopo likapigwa na jua, na mwekundu akamchafua mweupe ubavu mzima, doa la waridi ambalo hata sabuni haikulitoa. Baba alikugombeza, na siku hiyo alikuwa na haki. Wewe ukaomba kanga kuukuu ya mama, ukaichana, ukamfunga kila ngisi kitambaa chake wasigusane tena. Hata hivyo yule mwekundu hakupona. Jua na chumvi vilimla msimu mzima mpaka akawa na rangi ya chungwa lililooza. Hapo baba akajua kwamba vitu hivi hupoteza rangi, na ndiyo maana baadaye ilikuwa rahisi kwake kuamini alichokiamini.

Mwaka wa pili akaanza kulalamika. Alianza na wa buluu, akaja kwa wa manjano. "Wamekufa rangi hawa," alikuwa akisema, akimgeuza ngisi mkononi karibu kabisa na pua. Nguru nao walikuwa hawapatikani kama zamani, na baba akasema samaki hana haja ya kitu kilichopauka.

Wewe ulielewa kabla yangu. Baba ndiye aliyekuwa akiwaona ndege wa baharini kabla ya mvuvi yeyote wa kwetu, akaelekeza chombo huko kwa sababu chini ya ndege wapo samaki. Sasa alikuwa akikuuliza wewe, kama mtu anayeuliza ovyo tu, "Waona kitu kuno?" Na mimi nyumbani nilikuwa na yangu. Alimimina chai nje ya kikombe. Alinipa ndoana nimpitishie mshipi, akisema vidole vyake vimekufa ganzi. Asubuhi moja alimwitikia jirani kwa jina la mtu mwingine, na jirani akacheka akidhani ni mzaha. Ile chai niliifuta sakafuni kabla mtu hajaiona.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilisikia sauti ya baba barazani inapanda.

"Weye wawacha juani halafu wanambia wawafunika!"

"Baba, sijawaacha juani hata siku moja."

"Basi huyu alikuwa wa kijani. Leo ni rangi gani?"

"Ni wa kijani, baba. Ni yule yule." Kisha ukashusha sauti, na ukasema neno ambalo nadhani ulikuwa umelibeba kwa muda mrefu. "Baba, tatizo si la rangi. Twende Chake, hospitali, wakakutazame macho."

Wajomba wawili walikuwa wamekaa pale, na ami Faki, na jirani yetu aliyekuja kuazima shoka. Lau ungelisema mkiwa peke yenu baharini, labda angelikusikiliza. Sikulaumu. Najua nawe ulikuwa umechoka kushutumiwa.

Baba aliniita. Nilitoka na mikono yangu imejaa nazi, nikasimama mlangoni. Akaninyooshea yule ngisi.

"Mwanaisha, weye huniambii uwongo. Rangi gani hii?"

Kaka, alikuwa kijani. Kijani kama jani la mgomba linapofunguka. Nilimwona vizuri kwa sababu jua lilikuwa limemwangukia. Wewe uliniangalia, wala hukukunja uso, ulikuwa unangoja tu niseme, kama mtu anayengoja apewe maji aliyokwisha kuyaomba. Baba naye alikuwa ananitazama, lakini macho yake yalikuwa kidogo pembeni, kama anautazama ukingo wa mlango. Nikaogopa. Si kupigwa, baba hakuwahi kunipiga. Niliogopa kwamba nikisema kijani, kila mtu pale barazani atajua kwamba baba haoni.

"Imepauka, baba," nikasema.

Ulilifunika kopo, ukaliweka chini taratibu. Baba akasema maneno ambayo sote tunayakumbuka, kwamba mtu anayemdanganya nchi kavu atamzamisha baharini, na kwamba usipande tena chombo chake. Ami Faki alijaribu kutuliza mambo. Wewe ulikuwa umeshainuka.

Siku ya tatu tulikutana kisimani. Nilijua umekuja kwa ajili yangu kwa sababu hukuwa na ndoo. Uliniuliza, "Mwanaisha, ilikuwa rangi gani?" Nikaangalia majini. Nadhani hata leo ungelitaka kujua kwa nini sikukujibu wakati hapakuwa na mtu mwingine, na mimi nimejiuliza hivyo miaka yote hii. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na niliona kwamba nikikiri kwako itanibidi nirudi nikakiri kwa baba. Ulisubiri kidogo, kisha ukasema, "Basi. Usimwache baba aende peke yake." Ukaondoka. Hukunigombeza hata kwa neno moja, na ningependa ungenigombeza.

Alikwenda peke yake, kaka. Ningemzuiaje, wakati mimi ndiye niliyeshuhudia kwamba macho yake ni mazima? Kila akishuka pwani nilisimama uani nikihesabu pumzi. Aliweza miezi kadhaa kwa mazoea, kwa sauti ya mawimbi, kwa kujua mkondo ulivyo. Kisha siku moja ya bamvua, maji makubwa, hakuuona mlango wa mwamba, pale vyombo vinapopitia. Vijana waliokwenda kuokota pweza walimkuta maji yamekupwa, ngalawa imekaa juu ya mawe, tengo moja, ule mti wa ubavuni, limevunjika, na yeye amekaa ndani yake ameshika kafi. Walimwuliza imekuwaje. Akawajibu kwamba anapumzika.

Ami Faki ndiye aliyempeleka Chake Chake, na mimi nilifuatana nao. Daktari alimtazama kwa taa ndogo, jicho moja na la pili, akarudia. Alisema ugonjwa huo ulianza kitambo, miaka mitatu au minne, na umeshaharibu ndani, hakuna dawa ya kukirudisha kilichokwenda. Akamwuliza baba, "Mzee, mwanzoni hukuona rangi za vitu zinafifia?" Baba aligeuzia uso dirishani. Daktari akadhani hakusikia, akauliza tena. Baba akasema, "Niliona."

Baada ya hapo aliishi miaka miwili. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia barua ya kukuita, ikaenda Mombasa kwa mkono wa baharia. Hatukupata jibu. Ya pili ilirudi na msafiri wake, akasema umeshaondoka. Tangu siku hiyo baba aliacha kukuuliza kwa watu, lakini kila mgeni akipiga hodi alikuwa akikaa sawasawa na kutengeneza kofia yake kichwani.

Mimi niliolewa Tibirinzi, kule Chake, na nikawa naja kumwangalia kila nilipopata ruhusa. Safari moja nilimkuta yu peke yake. Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikamwambia yote. Nikamwambia nilimwona yule ngisi, nilijua rangi yake, na nilidanganya. Nilikuwa nalia hata maneno hayatoki sawa. Nilitaka anilaani, nadhani, ili nipate kupumua.

Alinitafuta kichwa kwa mkono, akauweka mkono pale.

"Nalijua," akasema. "Kwani kwa nini nalikwita weye? Palikuwa na watu wanne wenye macho barazani. Ami yako alikuwa pale pale. Sikumwuliza yeye. Nalikwita weye kwa sababu nalijua utanambia nilitakalo."

Halafu akasema, "Hamadi ndiye aliyenipenda siku ile." Akaomba maji, na hatukulizungumza tena.

Alifariki baada ya sala ya Ijumaa, bila taabu kubwa. Homa ya siku nne tu. Sisi wanawake tulibaki ndani jeneza lilipotolewa uani, na tukasikia mtu akiuliza, "Mwanawe wa kiume yuko wapi, ateremke kaburini?" Mwingine akajibu, "Yule alimdanganya babake, akafukuzwa." Nilikuwa hatua tano kutoka kwao, nyuma ya pazia. Walikuwa wakimsema mtu aliyenituma nimtunze baba, na mimi ndiye niliyesema uwongo. Nilinyamaza mara ya pili, kaka. Wakachukua jeneza, na ami Faki akateremka mahali pako.

Siku ya arubaini, watu waliposhamaliza hitima na kabla hawajainuka, nilimwomba ami anipe nafasi. Nilisimama mlangoni nimejifunika, nikawaeleza: rangi niliyoiona, neno nililolisema, na maneno ya daktari, na maneno ya baba. Baadhi yao walitazama chini. Mjomba mmoja alisema yaliyopita yaachwe. Ami Faki akasema, "Hayajapita, kijana yuko mbali na nyumba yake." Akaniuliza kwa nini sikusema zamani. Shangazi mmoja haniitikii salamu mpaka leo. Ana haki yake.

Sasa Wingwi nzima inajua kwamba hukudanganya. Sikuandika haya ili unihurumie, na samahani yako siidai. Najua huenda umeoa huko, una watoto, na jina la Pemba hutaki kulisikia. Yule mtu aliyekuona bandarini alisema alikuuliza una nani kwenu, ukamjibu huna mtu. Alinieleza huku akiona aibu. Nilimwambia asione aibu, ulikuwa unasema kweli.

Lakini kama utaweza, njoo. Usingoje hasira ziishe kwanza. Njoo nazo zote, uzitoe hapa kwetu, mbele yangu, hata ikiwa ni siku nzima, na mimi safari hii nitakuangalia usoni na nitakujibu kila utakaloniuliza.

Mola akuhifadhi huko uliko, baharini na nchi kavu.

Ni mimi, nduguyo mdogo,
Mwanaisha