Mpiga Bunduki wa Anoka na Kaburi Ambalo Hatujachimba

Brooklyn Center, Minnesota
14 Juni 2025

Mpendwa Baba Mkubwa Naftali,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na Mama Heri. Natumaini goti lililokusumbua wakati wa Pasaka sasa linakuruhusu kufika kanisani bila kumwegemea mtu. Nasikia Webuye mvua imenyesha vizuri mwaka huu. Je, mahindi yamefika wapi? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa salama?

Sisi huku hatujambo. Shangazi Velma angali anafanya kazi katika nyumba ya wazee kule Anoka, na mimi, tangu nipate shahada yangu ya historia, ninamsaidia hapo huku nikingoja kazi inayolingana na masomo yangu. Neno hilo "inayolingana" humchekesha sana. Husema, "Wewe ulisomea vita, mimi nilisomea shifti. Leta mashuka."

Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hugombana, na mtandao hukatika mara tu ninapofikia hoja yangu ya pili. Barua haikatizwi. Naomba uisome hadi mwisho, ndipo unijibu kwa ukali wowote utakaoona unanistahili.

Mwezi Februari tulifiwa na Bi Joan, mmoja wa wazee tuliowatunza. Alikuwa na umri wa miaka tisini na minane na ulimi wa msichana wa ishirini. Aliniita Profesa, na usidhani ilikuwa heshima. Nikichelewa na kifungua kinywa aliuliza mbele ya watu, "Profesa, vitabu vyako vinasemaje kuhusu uji uliopoa?"

Huyu mama alikuwa na kaka mmoja tu, Sydney, ambaye alikufa katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa mwanajeshi wa ndege ya mabomu. Kwa kuwa alikuwa mfupi, walimpa kazi iliyohitaji mtu mfupi: mpiga bunduki wa chini. Alijikunja, magoti yakiwa karibu na kidevu, ndani ya kizimba cha kioo na chuma kilichoning'inia chini ya tumbo la ndege, na humo alikaa kwa saa nyingi akilinda upande ambao wenzake hawakuuona. Baridi ya huko juu ilishinda hata ya Anoka, na kila alipoandika nyumbani aliomba soksi za sufu. Na huyo, Baba Mkubwa, ni kijana ambaye nyumbani kwao alikataa kupanda paa kuondoa theluji kwa sababu aliogopa ngazi.

Walikuwa wakiruka kutoka kusini mwa Italia kwenda kupiga viwanda vya mafuta vya Wajerumani. Katika majira ya joto ya 1944 ndege yao ilipigwa wakati wa kurudi, ikaanguka baharini karibu na pwani ya Kroatia. Ndege iliyokuwa nyuma yao iliiona ikizama. Hakuna aliyemwona Sydney akitoka.

Unanijua. Sikuweza kusikiliza habari hizo bila kujadili. Nilimwambia Bi Joan kwamba mabomu yale hayakuchagua, kwamba chini kulikuwa na nyumba za watu na watoto, na kwamba historia haina budi kuwahesabu na wao. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Unadhani yeye hakulijua hilo? Katika ndege ile nzima, ndiye aliyekuwa akitazama chini." Bado naamini hoja yangu ilikuwa sahihi. Lakini siku hiyo nilikwenda kumpashia uji upya.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wazazi wengi wa huku ambao wana wao hawakupatikana waliweka jiwe lenye jina makaburini, wakawa na mahali pa kupeleka maua. Mama yake Sydney alikataa. Aliona kuweka jiwe ni kumuua mwanawe kwa mkono wake. Kabla ya kufa alimwapisha Joan: hakuna jiwe, hakuna ibada, mpaka wamlete. Joan akatii. Alizika mama, baba, mume na mtoto, wote katika makaburi yale yale, na kila mwaka siku ya kuwakumbuka wanajeshi, mji mzima ulipokwenda na maua, yeye alibaki nyumbani, kwa kuwa kaka yake hakuwa na mahali.

Miaka michache iliyopita wapiga mbizi waliipata ile ndege, na mifupa ndani yake. Jeshi likaja Anoka kuchukua mate ya Bi Joan ili yalinganishwe. Wakamwomba subira. Alisubiri kama alivyozoea. Kila Velma alipoingia chumbani aliulizwa, "Wamempigia mtu yeyote?" Mapafu yalipochoka aliacha kuuliza kwa sauti, akawa anatazama simu tu. Alifariki Februari. Majibu yalikuja mwezi wa Aprili: alikuwa ndiye.

Wamemzika Sydney wiki mbili zilizopita, kando ya dada yake. Wanajeshi walikuja, wakapiga risasi hewani, wakakunja bendera kwa ustadi mkubwa, kisha afisa akapiga magoti kumkabidhi kijana mmoja kutoka Arizona, kitukuu wa binamu, ambaye alikuwa amelisikia jina la Sydney mwezi huo huo. Alikuwa mpole, na macho yake makavu kabisa. Watu wote waliomjua marehemu walikuwa tayari chini ya nyasi zile.

Kisha likatokea jambo ambalo Wamarekani hawakulielewa. Huku, maombi yakiisha, waombolezaji huondoka wakiliacha jeneza juu ya ardhi, wakaenda kula kanisani. Kufukia ni kazi ya mashine. Mimi na Velma tukabaki tumesimama. Hatukuwa tumekubaliana. Miguu tu haikukubali. Mwenye mashine akatujia, akasema tunaweza kwenda. Nikaanza kumweleza asili na maana ya mazishi, na Velma akanivuta koti.

"Ian, nyamaza. Huyu ana kazi." Akamgeukia yule mtu. "Kwetu hatumwachi mtu juu. Mshushe, tutangoja."

Yule mtu alitutazama, akavua kofia, akamshusha. Velma akachota udongo, akatupa mara moja. Akachota tena. "Huu ni wa Joan," akasema. Hapo ndipo nilipolia, mimi ambaye sikulia hata siku ya Joan mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nilimpigia Nyanya Rahab. Nilimsimulia kama habari za mbali. Akaniuliza, "Huyo wamempata?"

"Wamempata, Nyanya."

"Na dada yake, alimtupia udongo?"

Nikamwambia hakuwahi. Akasema, "Basi mwambie mzee wa kanisa Naftali kwamba mimi siwasubiri Waingereza."

Baba Mkubwa, unajua anachotaka. Kaka yake, Babu Wanjala, alipanda lori la jeshi la Waingereza Rahab akiwa msichana wa miaka kumi, akapelekwa Burma, hakurudi. Mila yetu ina dawa ya hilo. Mwili usipopatikana, hukatwa mgomba, ukafungwa sanda, ukazikwa kama yeye, watu wakalia, wakanyoa, wakamaliza. Nyanya ameomba mgomba huo tangu nikiwa mtoto. Babu, mume wake, alisema mpaka serikali ijibu. Wewe unasema ni ibada ya sanamu, na tena kwamba ofisi ya makaburi ya vita ya London huenda ikatuonyesha kaburi.

Kuhusu sanamu: Wakristo wa huku wamechonga majina ya waliopotea kwenye mawe yasiyo na mtu chini yake, wachungaji wakayaombea. Kama jiwe linaruhusiwa kusimama mahali pa mtu, sioni mgomba umekosa nini. Yakobo aliomboleza akiwa na kanzu tu mikononi. Najua utanijibu kwamba Yusufu alikuwa hai. Ni kweli, lakini Babu Wanjala angekuwa na zaidi ya miaka mia. Na kuhusu London: kwetu jina la mtu hupewa mtoto baada ya mwenye jina kufa. Wewe mwenyewe ndiye uliyesimama siku nilipopewa jina lake. Siku hiyo ulikubali kwamba amekufa. Kilichobaki ni kumzika.

Ningeweza kuendelea, lakini hoja hazinifariji leo. Nasikitika kwamba niliyajua yote haya kutoka vitabuni, na ilinibidi nisimame kando ya shimo la mgeni ndipo nione kwamba Nyanya yetu anaishi maisha ya Joan. Joan alikuwa na subira kuliko sisi sote, na haikumsaidia kitu. Nyanya Rahab bado anaweza kutembea kutoka jikoni hadi migombani. Velma ananiambia, kama mtu anayeijua kazi yake, kwamba mwaka ujao huenda asiweze.

Naomba iwe Agosti. Nitakuja. Kama hutaki kuongoza ibada, usiongoze. Simama tu hapo uone mkono wa Nyanya ukifunguka kuachia udongo.

Nisalimie Mama Heri, na Heri mwenyewe, na umwambie Mchungaji kwamba simgombezi yeye. Nyanya Rahab umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Velma anawasalimu nyote. Mungu aliyewahesabu hata waliolala baharini na msituni awalinde, akupe nguvu ya goti na upole wa moyo.

Ni mimi mwanao nikupendaye hata tukibishana,

Ian Wanjala