Jogoo Niliyempeleka Maralal

Mjukuu wangu Mmbone,

Usinikasirikie kwa kukawia kukujibu. Mtoto anaota meno, na usiku silali. Cheka tu, kukhu anayenyonyesha! Lakini mama yako ni binti wa dada yangu, kwa hivyo mimi ni kukhu wako, nyanya yako, na utanisikia. Hapa Iguhu sote tu wazima.

Unauliza kama uende Maralal na wenzako wa chuo, au ukatae kwa kuogopa kuchekwa ugenini. Wacha nikwambie! Nikiwa msichana, kwaya yetu ilialikwa hukohuko. Njiani tuliona pundamilia wengi mpaka tukasahau kuimba! Nami nilikuwa nimebeba jogoo mzima, maana kwetu heshima ni kuku. Nikampa mama Msamburu aliyetupokea. Akamtazama, akauliza, "Huyu ndege naye ni wa kwaya?"

Kumbe kwao kuku haliwi! Boma lote likaangua kicheko, nami nikatamani kurudi nyumbani kwa miguu. Kisha akaniletea maziwa kwenye kibuyu, yananukia moshi. Nikasita.

"Mimi nimepokea ndege wako," akasema. "Wewe je?"

Nikanywa, nikaomba mengine! Asubuhi jogoo akawika juu ya nyumba, watoto wakatoka mbio wakimwiga, na huyo mama akanishika mkono tukacheka pamoja.

Nenda, Mmbone. Usinijibu kwamba umekataa.

Ukirudi nitumie sweta ya mtoto, dawa ya fizi, sabuni ya kufulia, na picha yako ukinywa kwenye kibuyu bila kukunja uso.