Damu Yako na ya Ndinda

Mpendwa dada Mumbua,

Habari hii nimekaa nayo muda mrefu, nikidhani siku moja nitaielewa ndipo nikuandikie. Sijaielewa. Nakuandikia hivyo hivyo.

Unakumbuka nilivyokutoboa kidole? Mvua ilikuwa imenyesha kupita kiasi, ukalazwa Machakos, wodi imejaa watu wa homa. Mimi nilikuwa mgeni katika maabara, na watafiti wa malaria walikuwa wakiomba tone la damu kwa kila mgonjwa aliyekubali. Ulikubali, yako na ya binti yako Ndinda, aliyekuwa amejikunja kando yako, homa yake imeanza kushuka. Ukaniona nikishika sindano, ukacheka kwa taabu.

"Nduku, usimalize. Hiyo ndiyo tu niko nayo."

Nikadondosha tone lako kwenye karatasi ya chujio, la Ndinda kwenye nyingine, nikaziacha zikauke, kisha nikazitia kwenye bahasha.

Nyote wawili mlikuwa mmekunywa dawa moja ya malaria nyumbani, SP, ile ya kumeza mara moja iliyochukua nafasi ya klorokwini. Mumeo Kioko aliinunua dukani pale Kyumbi. Ndinda akapona, akawa anaomba chapati. Wewe ukawekewa dripu ya kwinini, lakini ulikuwa umeshalemewa.

Siku ya mazishi yako, kwetu Wamunyu, mama yetu, mwaitu, alisimama mbele ya watu wote. "Kioko, ulimpa mtoto wangu dawa bandia."

Tangu hapo shemeji hakukanyaga boma letu. Mwaitu alimchukua Ndinda, na baba mtu akawa anamwona mwanawe nje ya lango la shule tu.

Nami nikaendelea na kazi. Baadaye nilifundishwa njia ya kutafuta, ndani ya jeni za vidudu vya malaria, badiliko dogo linalovisaidia kustahimili dawa. Siku niliyoelewa, niliwaza karatasi zile zilizokuwa bado kwenye bahasha. Nikamweleza Kioko, akakubali zipimwe. Wakubwa wangu nao wakaruhusu.

Dada, nilikata kipande cha karatasi yako kidogo kuliko ukucha. Nikakichemsha ili kiachie kilichomo. Kisha ile mashine inayopasha moto na kupoza, inapasha na kupoza, ikatoa nakala nyingi sana za kipande kimoja cha jeni. Nikatia kimeng'enya kinachokata pale tu penye badiliko, nikapitisha umeme kwenye jeli ili vipande vijipange kwa urefu, damu yako na ya Ndinda kila moja na safu yake, nikawasha taa ya urujuanimno ili vionekane.

Kwako kulikuwa kumekatwa. Badiliko lipo. Moyo ulinipiga kwa kitu kilichofanana na furaha, nikaona aibu. Nikajiambia, basi si Kioko. Dawa ilikuwa nzuri, ni vidudu vilivyoikataa.

Kisha nikatazama safu ya Ndinda. Ilikuwa kama yako.

Nilidhani nimechanganya damu zenu. Lakini safu ya maji matupu, tunayoiweka ili kugundua uchafu, haikuonyesha kitu. Nikarudia na vipande vipya. Ikawa vile vile. Dawa moja, badiliko moja, mmoja kaburini, mwingine darasani.

Nilimfuata mkuu wa maabara. "Tumepima kidudu, Nduku," akaniambia. "Hatujapima mwili wa mtu. Wapo wanaopona hata vidudu vyao vikiwa na alama hiyo."

"Mtoto apone, mama mtu mzima afe?"

"Hata hilo hutokea."

"Na dawa yenyewe? Ilikuwa nzima?"

"Hilo karatasi hii haiwezi kukuambia."

Nilimchukua Kioko tukaenda Wamunyu. Mwaitu alitusikiliza uani, ungo wa maharagwe mapajani, bila kumkaribisha. Nilieleza yote, nikajikanganya, nikaanza upya.

"Kwa hivyo ni dawa ama si dawa?" akauliza.

"Sijui, mwaitu."

"Huyu alikosa ama hakukosa?"

"Hakuna mahali popote nilipoona kosa lake. Lakini siwezi kukuambia kilichomuua Mumbua. Nimetafuta, sijui."

Mikono yake ilikwama katikati ya maharagwe. "Na mimi nilisema mbele ya watu," akasema, kana kwamba anamwambia mtu mwingine. Kisha, bila kumtazama Kioko, akamwita Ndinda amletee babake kiti.

Ningependa kukwambia kwamba nilifurahi. Nililia nyuma ya jikoni, nisijue ninalia nini. Nilikwenda na jibu nusu, likafanya kazi ambayo sikutegemea jibu zima lingeifanya. Siku hizi hospitali zinatoa dawa mseto, na sisi tunatafuta mapema alama za vidudu vinavyoistahimili. Kioko huja Jumapili. Yeye na mwaitu huongea habari za mvua.

Ila wiki iliyopita Ndinda, ambaye sasa ni mrefu kunizidi, alikuja maabara akatazama mashine. Akauliza polepole, "Anti, kama damu zetu zilikuwa sawa, mbona mimi nilipona?"

Nilimshika mkono. Nilikuwa na maneno mengi ya kazini, hakuna hata moja lililomfaa yeye. Tukasimama hapo, dada, mimi na mwanao, mpaka mashine ikanyamaza.

Pumzika, Mumbua. Mwanao tunaye.

Ni mimi mdogo wako,
Nduku