Gutiere ya Kumi na Nane Yaenda Pweto

Jumatatu, 9 Juni

Gutiere ya kumi na nane ndiyo ya mwisho. Kasema Daktari Kapinga, daktari wangu wa meno, asubuhi hii katika kliniki yake hapa Lubumbashi. Meno yakiifuata vizuri, tarehe 23 ananiachia huru.

Nimeivaa palepale. Inabana. Kubana ni dalili nzuri. Ni kifuniko chembamba cha plastiki angavu, kimoja juu, kimoja chini, kinayasukuma meno kidogo kidogo mpaka yarudi mahali pake. Kumi na saba zimeshapita. Anayenitazama haoni kitu.

Anayenisikiliza ndiye aliyepata shida. Jino moja liling'olewa, jirani zake wakahama, na tangu hapo kila S yangu inatoka na mluzi. Mama Mwenze, mkuu wetu redioni, aliniondoa kwenye taarifa ya asubuhi. Hakunizunguka. Alisema wasikilizaji wanapiga simu kuuliza kama mtambo umeharibika.

Nilisoma taarifa ile miaka mingi. Naitaka tena. Leo nimempa tarehe. Jibu lake: nikimletea S safi siku hiyo ya 23, nasoma kuanzia Julai mosi. Nisipomletea, kiti anapewa mwingine moja kwa moja.

Keshokutwa safari ya Pweto. Kazi haingoji meno.

Jumanne, 10 Juni

Kufunga mizigo. Vinasa sauti, betri, sweta, kwa sababu asubuhi za sasa ni baridi. Kisha mambo ya mdomo: mswaki, maji ya chupa, vikasha viwili. Kimoja cha gutiere ninayovaa. Katika kingine nimetia ile ya kumi na saba. Dokta ameagiza: ukisafiri, iliyotangulia inasafiri nawe. Nilimwona ananiongezea mzigo bure.

Maagizo mengine nayajua kwa kichwa. Kuvaa mchana na usiku, kutoa wakati wa kula tu. Ukivaa, hakuna kinywaji isipokuwa maji. Usiache kwenye dashibodi juani. Osha kwa maji baridi, moto hapana kabisa. Usifunge kwa karatasi ya mezani: mwenzangu mmoja alifanya hivyo mgahawani, mhudumu akazizoa pamoja na mifupa ya kuku.

Jumatano, 11 Juni

Vumbi. Jekundu, jembamba, linaingia hata madirisha yakifungwa.

Ilunga ndiye dereva. Tumesafiri pamoja mara nyingi na anajua kwamba napenda kahawa. Tulisimama Kasomeno, kituo cha njiani, akanunua vikombe viwili, changu na chake. Nilikuwa nimevaa. Kutoa, kunywa, kupiga mswaki, kurudisha, yote hayo kando ya barabara yenye malori: hapana. Nilikunywa maji.

"Papa Kalenga, kahawa ya moto iko hapa, weye unakunwa mayi? Uko mugonjwa ao umeokoka?"

Alikunywa vyote viwili.

Baadaye njaa ilishinda. Nilikwenda nyuma ya gari, nikatoa, nikala mkate na sardini, nikasafisha kwa maji ya chupa nimeinama kama anayetapika. Ilunga alishuka kuuliza kama nahitaji dawa. Tumelala Kilwa, ile ya kando ya Ziwa Mweru. Gutiere safi. Mimi mchafu.

Alhamisi, 12 Juni

Tumefika Pweto. Ziwa limetulia, harufu ya samaki wakavu kila mahali, hata kwenye mito ya nyumba ya wageni.

Habari niliyotumwa kuifuata ni nzuri. Wanawake wauza samaki wamejiunga na kukodi lori lao. Zamani walibembeleza nafasi kwenye malori ya wengine na samaki waliharibika njiani. Sasa lori linashuka Lubumbashi na samaki, linarudi na unga, chumvi na sabuni. Rais wao ni Mama Chola. Mnene, mwepesi, macho yanaona kila kitu. Amekubali kuzungumza. Lori, kasema, limefika Lubumbashi leo na linashusha mzigo.

Kesho tunakula kwake kabla ya mahojiano. Hilo si ombi.

Ijumaa, 13 Juni

Gutiere imeharibika. Naandika kwa mpangilio.

Bukari, ndio ugali wa huku, samaki, sombe ya majani ya muhogo, sahani moja kubwa katikati, wanawake wanane, Ilunga na mimi. Waliponawa mikono niligeuka ukutani, nikatoa gutiere, nikaitia kwenye kikombe chenye maji kidogo na kukifunika kwa kisahani. Kikasha kilikuwa garini. Sikusema ni nini. Niliona haya kuwaambia wenyeji wangu kwamba natoa kitu mdomoni.

Tulikula vizuri. Katikati ya chakula Mama Chola aliinuka, akafunua kikombe, akaangalia. Akaenda jikoni nacho. Nilidhani anakisogeza tu.

Alirudi nacho kinatoa mvuke.

Huku ziwani kipindupindu kimewafundisha watu. Kila kitu cha mgeni kinachoingia mdomoni hupitishwa kwenye maji yanayochemka. Alikuwa amenifanyia heshima. Gutiere ya juu imejikunja kama ganda la karanga. Ya meno ya chini ilinata ukingoni mwa kikombe, maji ya moto hayakuifikia.

Ndipo nilipoeleza. Wote wakamtazama Mama Chola. Kisha yeye:

"Papa, miye niliona kintu ya plastiki, nikasema labda iko ya kunyonya dawa. Kolera haiheshimie bageni! Juu ya nini haukusema? Uligeuka ku ukuta kama mutoto mwenye kuiba sukari."

Ana haki. Alifanya lililo sahihi kwa alichokijua, na asichokijua mimi ndiye niliyekificha.

Nilijaribu kuivaa. Haiingii hata kwa jino moja. Nimekasirika, hasa na kikombe, ambacho hakina kosa.

Jumamosi, 14 Juni

Simu kwa Daktari Kapinga. Niliripoti kama ninavyoripoti ajali: mahali, saa, kilichoharibika, kilichosalimika.

"Papa Kalenga," akasema, "maji ya moto ni ya chai." Kisha: "Bon. Ile ya kumi na saba unayo?"

Ninayo.

Basi nivae hiyo ya juu mara moja, nisibaki wazi hata siku moja, maana meno yakiachwa yanarudi yalikotoka. Na mfano wa meno yangu, ule wa utomvu mgumu aliotumia kutengenezea ya kumi na nane, bado uko kabatini mwake. Anaweza kubana nyingine juu yake leo hii. Tatizo ni moja: itafikaje Pweto? Kurudi mwenyewe ni kuacha kazi nusu, na gari ni moja. Kuingoja mpaka nirudi ni kupoteza siku ambazo meno hayana. Tarehe ya 23 haisogei, dokta anasafiri kwenda Kinshasa siku ya pili yake.

Mama Chola alikuwa amesimama karibu tangu mwanzo wa simu. Hakujifanya hasikii.

"Lori yetu iko kule," akasema. "Inarudia huku. Meno yako itapanda."

Akampigia mdogo wake, Mujinga, anayesimamia mzigo sokoni Lubumbashi. Niliisikia sauti ya Mujinga mpaka nilipokuwa nimekaa:

"Meno ya nani? Na mwenye meno iko wapi? Amekufa?"

Nimevaa ya kumi na saba. Inabana tena, kama mara ya kwanza. Maana yake meno yalikuwa yameshaanza kuifuata ya kumi na nane. Hilo linanipa moyo.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nyimbo nyingi. Nimekula mara moja tu ili nisitoe mara nyingi. Kikasha sasa kinakaa shingoni kwa kamba. Sijali tena nani anaona.

Jumatatu, 16 Juni

Mujinga ameichukua gutiere mpya kliniki na kutuma picha. Kikasha cheupe ndani ya ndoo yenye kifuniko, ndoo katikati ya magunia ya unga, mbali na injini. Juu ya ndoo ameandika kwa mkaa: MENO YA PAPA JOURNALISTE. USIKALIYE.

Lori limetoka asubuhi.

Nimefanya mahojiano na Mama Chola. Anazungumza vizuri sana mbele ya kinasa sauti. Nilipouliza lori limebadilisha nini, alijibu kwamba zamani mzigo wake ulikuwa mgeni kwenye gari la mtu, sasa watu ndio wageni kwenye gari la mzigo wake. Kwa jibu hilo nitafungua ripoti.

Nilipoisikiliza rekodi nilisikia maswali yangu pia. S zote zina mluzi. Nimezima.

Jumanne, 17 Juni

Lori limekwama. Springi imekatika baada ya Kasomeno. Dereva amesema hajui litatoka lini, springi nyingine lazima itoke Lubumbashi.

Nimekaa gatini na kuhesabu kilichobaki mpaka tarehe 23. Kidogo. Nikiikosa gutiere mpya, nitarudi na meno yaliyosimama palepale yalipo na mtu mwingine atakaa kwenye kiti changu. Nilifikiri hayo bila kuyazungusha. Sikuyapenda.

Mama Chola hakukaa. Alikuwa kwenye simu tangu saa nne, anaita wanawake wa njiani mmoja mmoja: anayeuza ndizi Kasomeno, anayepika bukari kituo kinachofuata, binamu yake wa Kilwa. Kwa kila mmoja alianza vilevile: "Kuko ndoo mu lori yetu. Mu ndoo kuko meno ya mugeni wangu." Kicheko upande wa pili. Kisha maagizo: isiwekwe juani, isiwekwe karibu na moto, isifunguliwe. Na kwa kila mmoja alimalizia kwa sauti ya chini, lakini nilisikia:

"Na musioshe! Miye nimeshaosha, nimeona."

Jumatano, 18 Juni

Imefika.

Ndoo ilitoka kwenye lori ikapanda pikipiki, ikashuka kwa mwanamke wa bukari, ikalala chini ya kitanda chake, ikapanda pikipiki nyingine mpaka Kilwa, na binamu ameileta leo mwenyewe ndani ya gari la samaki, ameipakata magotini njia nzima. Kila mkono uliipokea na kuipitisha. Hakuna aliyefungua. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliuliza ndani kuna nini. Akaambiwa. Akaisogelea, akasoma maandishi ya mkaa, akasema: "Ah, njo ile ndoo ya meno?" Habari ilikuwa imemfikia kabla ya ndoo.

Gatini walikuwepo wanawake wote. Nilinawa mikono, nikasukutua kwa maji ya chupa, nikafungua kikasha mbele yao. Sikugeukia ukuta wowote. Nikaweka ya kumi na nane juu ya meno, nikabana kwa vidole, kushoto, kulia.

Tak.

Ilikaa. Jino kwa jino, bila nafasi. Walipiga vigelegele kana kwamba nimeoa. Mama Chola alinishika kidevu kama mtoto, akaangalia ndani ya mdomo wangu, akawageukia wenzake:

"Inaenea! Muone! Kazi ya lori yetu!"

Ilunga alipiga honi ya gari mpaka betri ikalalamika.

Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo. Nimefurahi kama ambavyo sijawahi kufurahia kitu cha plastiki.

Jioni tulikula kwake tena. Nilipotaka kuanza, mwanamke mmoja alitangaza: "Papa anatosha meno! Mama Chola aachane na kikombe!" Nilitoa mbele ya wote, nikatia kwenye kikasha, nikakiweka katikati ya meza kando ya pilipili. Mama Chola alikiwekea kisahani juu, kisha akakaa juu ya mikono yake mwenyewe ili watu wacheke.

Ijumaa, 20 Juni

Nyumbani. Tulilipita lori njiani, linatembea tena, springi mpya. Ilunga alisimamisha gari, tukamsalimu dereva kwa mikono miwili.

Kasomeno nilitoa gutiere, nikanunua kahawa, nikainywa moto, nimesimama mbele ya watu wote. Kisha mswaki. Ilunga alinishikia chupa ya maji bila kuulizwa.

Jumatatu, 23 Juni

Daktari Kapinga alitoa gutiere, akapitisha kioo, akagonga jino la mbele, akarudi nyuma kunitazama.

"Yamefuata," akasema.

Kumi na saba ilishikilia, kasema, na kumi na nane ikamaliza kazi. Siku nilizopoteza hazionekani mdomoni. Anataka kuiona ndoo.

Kutoka kliniki mpaka redioni nilikwenda kwa miguu. Mama Mwenze alinikalisha studio bila salamu ndefu, akanipa ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu mwenyewe. Samaki wa Ziwa Mweru sasa wasafiri katika lori la wauzaji wenyewe. Nilisoma. Fundi wa sauti alivua visikizio, akavivaa tena, akaomba nirudie. Nikarudia. Safi. S zote, moja baada ya nyingine, safi kama maji ya chupa.

Mama Mwenze alisema neno moja: "Rudi."

Alhamisi, 26 Juni

Ripoti ilitoka jana. Mama Chola alipiga simu kuuliza kwa nini sikutaja ndoo. Nilimwambia ndoo si habari. Alisema mimi sijui kazi yangu.

Sasa navaa gutiere usiku tu, ili meno yasihame tena. Hiyo itaendelea. Nimeiosha kwa maji baridi, nimeisugua taratibu, nimeiacha ikauke kwenye kikasha dirishani, upande usio na jua.

Ile iliyojikunja ninayo bado. Iko mezani, inashikilia karatasi zisipeperuke.

Jumanne, 1 Julai, saa kumi na mbili asubuhi. Studio. Taarifa ya habari, moja kwa moja hewani, nasoma mimi.