Skrubu ya Nane

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, fundi wa magari, mcha Mungu kadiri ya uwezo wangu, shule nilisoma kidogo kwa hiyo utanisamehe mwandiko. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mwalimu mstaafu, ana gari la dizeli, na magari ya aina ile kwenye bomba la kuingizia hewa yana vibati vidogo vinavyofunguka na kujifunga, mimi naviita vipepeo, kila kipepeo kimeshikwa na skrubu mbili ndogo ndogo, sasa gari likishazeeka skrubu zinalegea, zinadondoka, injini inazimeza, na injini ikimeza chuma ndiyo basi tena. Dawa yake ni kuvitoa vyote vinne mapema kabla havijaleta balaa, unaziba matundu yake kwa visahani na gari linatembea vizuri tu.

Hilo nilimweleza shemeji miaka miwili. Alikuwa akinicheka mbele ya watoto wangu, anasema, "Shemeji, wewe ukiona kitu kimetulia roho inakuuma. Wasomi wa kiwanda kizima wamekiweka, wewe wa spana mbili unataka kukitoa?" Nami namjibu, "Hao wasomi hawajawahi kulala chini ya gari lako, shemeji." Mpaka siku moja nesi mmoja akaniletea gari linavutwa, aina ileile, nikafungua nikakuta pistoni imetoboka, nikaichukua ile pistoni nikaenda nayo kwa shemeji nikaiweka mezani sebuleni, mkewe akapiga kelele kwamba kitambaa chake kimeingia oili, lakini shemeji aliigeuzageuza akasema, "Haya, Jumamosi toa hivyo vidude vyako."

Mshauri, nilitoa. Kazi ilikwenda vizuri, matundu ya injini nilikuwa nimeyaziba kwa matambara kisiingie kitu, kisha nikayatoa nipanguse masizi, na hapo hapo shemeji akaniita nje nimwoneshe kitu kwenye tairi, nikainuka na trei ya skrubu mkononi. Niliporudi nikafunga kila kitu, nikawasha, injini ikanguruma vizuri kuliko zamani. Wakati wa kusafisha vyombo ndipo nikahesabu. Vipepeo vinne, skrubu saba. Nikapekua sakafu yote, nikapitisha sumaku, nikakung'uta ovaroli mpaka mifuko, hakuna. Shemeji akaja akauliza, "Zimetoka zote?" Nikasema, "Zote nane." Sijui ulimi ulitoka wapi. Akaweka mkono juu ya boneti akasema tumshukuru Mungu, akaomba kwa kirefu, akamwombea na fundi pia, nami nikaitikia Amina nikiwa na skrubu saba mfukoni.

Siku iliyofuata kwenye ibada akasimama kuwaambia watu, "Huyu shemeji yangu ni fundi kweli." Miaka ishirini na nne nimemuoa dada yake, siku zote alikuwa akinitambulisha kama mume wa dada, leo nimekuwa fundi. Nilipata furaha, na furaha yenyewe ikawa kama mwiba. Kurudi nyumbani akataka kutubeba, nikasema mimi natembea, nanyoosha miguu, mke wangu akaniuliza tangu lini umekuwa mwanamichezo.

Huenda ile skrubu ilishatoka zamani hata kabla sijafungua. Huenda imekwama kwenye masizi na haitatoka kamwe. Lakini niseme ukweli wote kwa kuwa wewe hunijui, nilipoinuka na ile trei nilisikia kitu kikigonga chuma, tiki, mara moja, nikajiambia ni spana. Jumamosi hii shemeji anamrudisha mama yake, yaani mama mkwe wangu, kwao baada ya matibabu ya macho, safari ya mwendo wa saa nane na mteremko mrefu, na wajukuu wawili nyuma. Naomba kila siku Mungu ailinde injini ile. Je, nimwambie au niendelee kuomba? Namba yangu ya simu nimeiandika chini.

Ndimi fundi, mume wa dada yake.

MSHAURI ANAJIBU

Baba, barua yako umeiandika Jumatatu. Imenifikia Alhamisi. Gazeti hili hutoka Jumapili, na wewe ni msomaji wetu, unajua. Safari ni Jumamosi. Nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea siku, sikukosea. Uliniuliza swali ambalo jibu lake lingekufikia mama mkwe akiwa ameshateremka mlima, au hajateremka.

Kwa hiyo sikungoja gazeti, nimekupigia. Ukapokea, nikajitambulisha, ukasema, "Aa, mshauri, nilikuwa nangoja Jumapili." Nikakuuliza gari liko wapi. Ukasema shemeji ameenda nalo sokoni. Nikakwambia tukimaliza kuongea umpigie, azime injini palepale alipo. Ukaanza, "Lakini mshauri, ataniona..." Nikakata simu. Samahani kwa hilo, ila si sana.

Nakuonea huruma, na sikufanyii mzaha. Kungoja miaka ishirini na nne mtu akuite fundi ni muda mrefu, na kupokea sifa hiyo siku moja baada ya kosa ni mtihani mgumu. Wazo lako la kuvitoa vile vipepeo lilikuwa sahihi, na hata kuangusha skrubu kunampata yeyote mwenye vidole. Kosa lako ni yale maneno mawili, "zote nane," na siku zote ulizoyalinda. Umemwomba Mungu ailinde injini wakati namba ya shemeji ilikuwa kwenye simu yako. Usimsukumie Mungu kazi ambayo ungeimaliza kwa dakika mbili.

Nilimuuliza fundi wa magari yanayosambaza gazeti letu. Amesema injini ikikwama kwenye mteremko usukani unakuwa mzito na breki zinakuwa ngumu. Amesema pia gari lisiwashwe tena, livutwe.

Baada ya nusu saa ukaniletea ujumbe: "Nimemwambia. Amesema niende na kamba."

Haya nakutumia kwa simu leo hii Alhamisi, gazetini yatafuata Jumapili: nenda na kamba. Njiani atasema, na atasema mengi, mwalimu huyo. Usijitetee, na habari ya masizi iache kabisa. Mwambie na ule mlio ulioniambia mimi, kwa sababu mwenye gari ndiye aliyestahili kuusikia kwanza. Mkeo mwambie leo, asije akaambiwa na kaka yake. Ukifungua injini, shemeji awepo, ashike tochi yeye mwenyewe, ahesabu yeye mwenyewe, na usifunge mpaka aseme funga. Tafuta ile kamera ya waya mchungulie kila silinda. Isipoonekana, mwambie haijaonekana, na gari lisiende popote.

Mama mkwe atapanda basi. Mkatie tiketi ya kiti cha mbele, macho yake yasipate shida, na mizigo yake hadi stendi uibebe wewe.