Miguu ya Fumie

Morioka, 9 Februari

Fumie,

Hujambo? Mimi mzima, ila majirani nimewaficha uso kwa aibu. Mtawa anamsomea marehemu kaka yetu sala ya siku ya arobaini na tisa tangu afe, wewe unainuka mara tatu kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia! Miaka sitini na miwili, hujui kupiga magoti ukatulia? Eti miguu inakutambaa. Inatambaa kwenda wapi? Humu nimekuwekea dawa ya usingizi kutoka duka la dawa. Inywe, utulie kama watu.

Dada yako,
Tsuneko

Kanazawa, 2 Machi

Dada, shikamoo. Theluji imepungua huko? Dawa nimeinywa wiki mbili, na miguu imezidi. Si maumivu. Ni kama soda inachemka ndani ya mifupa. Nikitulia inaniamuru niinuke, nikitembea inanyamaza. Jioni ndiyo balaa, nala nimesimama.

Mdogo wako,
Fumie

Morioka, 8 Machi

Salamu. Mimi mzima. Soda! Tangu utotoni, siku ya kupanda mpunga unaumwa tumbo, siku ya kufua unaumwa kichwa. Sasa umeishiwa viungo, umefika miguuni. Nenda kwa daktari basi, akucheke kwa niaba yangu.

Dada yako,
Tsuneko

Kanazawa, 21 Juni

Dada, shikamoo. U mzima? Daktari hakucheka. Alinipima damu, akakuta akiba ya madini ya chuma imekwisha. Ugonjwa huu unaitwa miguu isiyotulia. Akanipa vidonge vya chuma, akanikataza kahawa, na dawa yako akaniambia niitupe, maana za aina ile huuchochea. Miezi mitatu sasa. Juzi nilipiga magoti saa nzima hekaluni, sikuinuka.

Aliniuliza nani mwingine anao, kwa kuwa mara nyingi hurithiwa. Nikamtaja Mama. Nikamwambia alivyokuwa akiranda nyumbani kwako miaka yake ya mwisho, nawe ukamfunga miguu kitandani kwa mshipi wa vazi lake la kimono. Daktari aliacha kuandika. Wewe mwalimu wa adabu wa ukoo mzima, hata siku moja hukumuuliza ana nini?

Fumie

Morioka, 3 Novemba

Fumie,

Sikuulizi hali. Barua nne nilizokuandikia nimezichana.

Sikuhitaji kumuuliza. Kila jioni alisema mwenyewe: "Tsune, nifungue nifike mlangoni tu, nitarudi." Nikamjibu, "Mlangoni kuna nini, mwanamume?" Wajukuu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Alikuwa na miaka themanini na mmoja.

Usije ukaniandikia kwamba sikujua. Aliniambia kila jioni.

Tsuneko