Moyo wa Mama Nimeuona Mimi

Mutomo, Kitui
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Ndila,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo na joto la huko Doha? Sisi hatujambo, mbuzi nao hawajambo, ila mvua ilituaga mapema. Barua hii anakuletea jirani yetu Kisilu anayerudi huko kazini, kwa maana ukipiga simu Mama huishika yeye, na ikinifikia mimi huwa imebaki kuagana tu.

Mama anaendelea vizuri. Yale maumivu ya kifua ya mwezi wa tatu hayajarudi. Anakula na anatembea mpaka kanisani, lakini kubeba mtungi nimemkataza.

Uliambiwa kwamba mshipa wa moyo wake ulichanika, lakini hukuona nilichoona mimi. Kule Nairobi picha ya kwanza ilionyesha mshipa umekuwa mwembamba, wasijue kwa nini. Ndipo wakamwingiza kwenye mashine inayopiga picha ya pande zote, na daktari akaniita nione. Moyo wa Mama ulikuwa kwenye kioo, daktari anaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Akanionyesha utando wa ndani wa mshipa ulivyoachana na wa nje, damu ikapenya katikati. Mimi fundi wa nguo nilielewa mara moja. Ni bitana iliyofumuka ndani ya koti. Alisema huwapata hata wanawake wasio na presha wala sukari, na mara nyingi mshipa hupona wenyewe, mtu akitumia dawa na kutulia.

Nikakodoa macho. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta pale ulipokaa wewe.

Maana hapa Mutomo kila mtu anajua ugonjwa huu ni wako. Mchungaji Muindi alimwombea mbele ya kanisa zima, "mama aliyechanika moyo kwa kumkosa binti yake." Binti yake mwingine alikuwa ameketi hapo hapo, ameshika mkoba wa dawa. Hata gauni nililomshonea la kwendea Nairobi lilibaki sandukuni. Alivaa dera lako.

Si kosa lako kupewa jina la nyanya aliyemzaa Mama. Lakini wewe anakuita mwaitu, mama yangu, na mimi jina langu ni la mama mkwe wake. Ananiheshimu kama alivyomheshimu yule, kwa mbali. Nakuonea wivu, Ndila, na sioni haya kusema.

Sasa sikia lililonifanya niandike. Mwezi wa saba lazima Mama arudi apigwe picha ile tena, ijulikane kama mshipa umepona au umezidi kuchanika. Kama umezidi, bila picha hatutajua mpaka kifua kimshike tena, na mara hiyo huenda tusifike Nairobi. Mama amekataa. Daktari alipompa tarehe, alimjibu, "Wacha niulize mama yangu kwanza."

"Mama yako bado ako?"

"Ako. Ako Doha."

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nesi ndiye aliyenipa sababu. Dawa wanayodunga ili mshipa uonekane hupasha mwili joto ghafla, na Mama akadhani amejikojolea mbele ya vijana wa mashine. Mimi hakunieleza. Nimembembeleza, nimenuna, nimemletea hata mchungaji. Jibu lake ni wewe.

Basi mpigie. Mwambie joto lile ni la dawa na halikulowesha kitu, na aende. Usimwambie nimekuomba. Atakubali kwa neno lako moja, nami nitakasirika wiki nzima, lakini atakuwa amekubali.

Nisalimie Isnino, mwenzako wa chumba. Shangazi Kanyiva wa kule Salama anakusalimu sana, na mume wangu Mutisya pia. Mungu akulinde kazini, na siku ya kurudi akulete salama tukukute uwanja wa ndege sote, Mama akiwa mbele.

Ila jambo moja usiliguse. Siku ile ya picha usipige simu ya video. Mlangoni pa mashine, mkono wa Mama nitaushika mimi.

Dada yako akupendaye hata akinuna,
Mbinya